Wasomaji Wanauliza: Nimealikwa kuimba na vijana wa mashine

Assalaam alaykum Bibi. Miye ni msichana wa Kikwajuni, naimba taarabu kwenye kikundi chetu, udi na fidla na kanuni nshazizoea. Sasa kuna vijana wana bendi ya sinthi, yaani vinanda vya kutunga sauti kwa umeme, na kompyuta, nyimbo hawana kabisa, yaani wanapanda jukwaani na kila kitu kinatungwa pale pale, wamenialika niimbe nao usiku mmoja Shangani. Nikawauliza mazoezi lini, wakanambia mazoezi hakuna. Ntaimba nini mimi? Na mmoja anasema sauti yangu ataichukua aikatekate kwenye kompyuta hapo hapo naimba. Khalti yangu anasema watanitia aibu. Nishauri.

Waalaykum salaam mwanangu. Nenda kaimbe. Khalti yako msalimie na umwambie aje akae mbele, mana jambo hili halina aibu na wala si geni kama anavodhania. London kulikuwa na kundi linaitwa AMM lilianza 1965, mmoja wao gitaa akililaza mezani na redio akaifanya ala, hawapangi kitu kabla. Halafu kuna Can, Wajerumani wa mji wa Köln, walianza 1968, wawili katika wao walisomeshwa na Stockhausen ambae ni bingwa khasa wa muziki wa umeme, basi 1970 wako Munich wana shoo na muimbaji hawana, wakamuona kijana wa Kijapani anaimba njiani, Damo Suzuki, wakamwalika na usiku ule ule akapanda nao jukwaani bila ya mazoezi. Akakaa nao mpaka 1973. Baadae akawa anazunguka nchi za watu anaimba na wanamuziki wa kila mji anaofika, hawajakaa hata siku moja kupanga nyimbo. Amefariki 2024. Miye namheshimu sana yule bwana kwa sababu sauti aliifanya ala kama ala nyengine, maneno yalikuja ya lugha hii na ile na mengine ya kubuni tu, na akinyamaza ananyamaza kweli.

Mgeni akiingia na wimbo wake wa siku zote akauimba mwanzo mpaka mwisho huku mashine zinavuma nyuma, hapo hakuna aliemsikiliza mwenziwe na mimi muziki wa namna hiyo unanichosha. Lakini weye unayo elimu tayari. Taksimu unaijua. Mpiga kanuni anaachiwa peke yake, mdundo wa kumfunga hamna, anaizunguka makamu, yaani ule mpango wa noti za wimbo, anakwenda anarudi mpaka anatua, nyie wengine mnasubiri na masikio yako wazi. Basi usiku wa vijana hao ni taksimu ya watu wote kwa pamoja.

Maneno chukua kipande kimoja tu cha shairi, mizani 8 yanatosha. Tuseme "bahari haina njia". Unaweza kukaa na neno "bahari" peke yake muda mrefu, ukalivuta, ukalirudia chini, halafu "haina" likaja kwengine kabisa wakati sinthi imetulia. Beti tatu kamili zitakubana na zitawabana na wao.

Sasa sikiliza hili kwa makini mana ndipo waimbaji wa taarabu wanapoumia na wanadhani sauti zao mbovu. Kibodi ya kawaida oktevu, yaani toka do mpaka do ya juu, imegawiwa sehemu 12 zilizo sawa, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha sauti), lakini weye ukiimba makamu ya Rasti ile noti ya tatu inakaa baina ya mi na mi bemoli, yaani mi ilioshushwa, na Bayati noti yake ya pili vile vile, kwaivo kijana akibonyeza kodi kamili, noti tatu kwa pamoja, chini yako mtagombana, na wenye kusikiliza watasema ni weye ulotoka kwenye tuni wakati weye ndie ulokuwa umeishika makamu sawasawa. Mwambie akushikilie do na sol tu, tatu asiiguse, utaiweka mwenyewe unapotaka. Au sinthi yake kama inaruhusu, noti hiyo aishushe senti 50, kibodi nyingi za kupigia muziki wa Kiarabu zinafanya hivo. Na ile programu ya kunyoosha sauti izimwe, izimwe kabisa, itakufutia makamu yako yote.

Habari ya kukatwakatwa sauti, omba maiki mbili. Moja inakwenda safi kwenye mikseri, ya pili kwa huyo wa kompyuta. Ukitaka akuchukue unasogea kwenye ya pili, hutaki husogei, hapo uamuzi unabaki kwako. Akikurudishia kipande chako kama mwangwi usikimbilie kuimba juu yake, kijibu kama unavomjibu mpiga fidla. Na monita, ile spika ya kujisikia mwenyewe, iwe mbele yako, besi ya umeme si udi, usipojisikia utapiga kelele mpaka koo likauke.

Mengine kubalianeni kabla: nani anaanza, ishara gani ya kumaliza, na kama inarekodiwa basi muandikishane, maneno ni yako, sauti ni yako, ikiuzwa mnagawana vipi. Ikitoka rekodi ipelekeni COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, kwa majina ya nyote, asiandikwe mwenye kompyuta peke yake. Hilo usione haya kulisema.

Bibi, niko Wete, nina simu na kibodi ndogo, nataka kuanzisha bendi ya namna hii na nimtie muimbaji. Nianze na nini?

Anza na ulivyonavyo mwanangu. Programu ya sinthi kwenye simu, kebo, spika yoyote yenye pa kuchomeka, inatosha. Muimbaji mwombe mtu anaeimba msewe au taarabu hapo hapo kwenu, kwa adabu, umueleze wazi unataka kufanya nini na sauti yake. Kila mkikaa rekodini kwa simu kisha msikilize pamoja, na pale sauti yake inapofunikwa punguza besi kwanza, usimwambie apaze.