Maswali ya Wasomaji: Kiasi cha tatu kimepotelea wapi?

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Nilitakiwa kuivunja sehemu (x² + 7x + 1)/[(x − 1)²(x + 2)] iwe jumla ya sehemu ndogo. Niliandika B/(x − 1)² + C/(x + 2), nikapata B = 3 na C = −1, lakini nikiweka x = 0 upande mmoja unatoa 1/2 na mwingine 5/2. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Thamani zako zote mbili ni sahihi. Kilichoharibika ni umbo ulilolianza. Asili ya sehemu hii (ile ya chini ya mstari), mabano yakifunguliwa, inaanza na x³, na kiasi chake (kile cha juu ya mstari) kinaweza kubeba namba tatu zisizotegemeana: ya x², ya x, na ile isiyo na x. Herufi mbili haziwezi kutosheleza masharti matatu, isipokuwa kwa bahati. Kwa hiyo kigawo (x − 1), kwa kuwa kinajirudia mara mbili, kinadai sehemu mbili:

A/(x − 1) + B/(x − 1)² + C/(x + 2)

Zidisha pande zote kwa asili:

x² + 7x + 1 = A(x − 1)(x + 2) + B(x + 2) + C(x − 1)²

Ukiweka x = 1 unapata 9 = 3B; ukiweka x = −2 unapata −9 = 9C. Hapo ndipo ulipofika, na ndiyo maana kosa lilijificha: namba hizo mbili huifuta A kabisa, iwe umeiandika au hukuiandika. Ulifanya vema sana kujaribu x = 0, kwani ni namba ya tatu tu ambayo ingeweza kulifichua.

Sasa linganisha vizigeu vya x², yaani namba zinazoizidisha x² kila upande: 1 = A + C, hivyo A = 2. Rudia jaribio lako la x = 0, utaona −2 + 3 − 1/2 = 1/2. Tena, ukitoa kiasi kilichotokana na umbo lako, −x² + 5x + 5, kutoka kwenye kiasi cha swali, kinachobaki ni 2x² + 2x − 4, yaani 2(x − 1)(x + 2), ambacho ndicho hasa kiasi cha 2/(x − 1) uliyoiacha.

Wapo wanaofungua mabano yote tangu mwanzo na kutatua milinganyo mitatu kwa pamoja. Jibu ni lilelile, ila njia ni ndefu na alama za kutoa hupotea kwa urahisi. Mimi nashauri uanze kwa kuweka namba zinazofuta mabano, kisha ulinganishe vizigeu kwa herufi zilizobaki.

Asili ikiwa na kigawo kama x² + 1, kisichovunjika kwa namba halisi, juu yake andika Dx + E, si D peke yake. Na kipeo kikubwa cha x kwenye kiasi kisipokuwa kidogo kuliko cha asili, gawanya kiasi kwa asili kwanza.