Kufuli la waya halitoshi Kariakoo

Umeuliza kama kufuli la waya linatosha kufungia baiskeli ukiiacha Kariakoo. Halitoshi, ndugu. Huo waya wa elfu chache, ukiumenya plastiki ya juu, ndani ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Mkasi wa kukatia nondo unaumaliza kabla hujapewa chenji dukani. Nimetengeneza baiskeli miaka mingi na nimeletewa waya wa namna hiyo umekatwa safi kama kamba ya katani.

Chukua kufuli la chuma la umbo la U, lile nene. Lipitishe kwenye gurudumu la nyuma, ndani ya ile pembetatu ya nyuma ya fremu inayoshika gurudumu hilo, kisha likumbatie nguzo iliyochimbiwa chini. Hapo gurudumu halichomoki na fremu haiendi popote, kwa sababu rimu haiwezi kupita kwenye hiyo pembetatu. Waya wako usiutupe, funga nao gurudumu la mbele, hasa kama linafunguka kwa mkono bila spana. Ila angalia nguzo yenyewe: ikiwa ni nguzo fupi ya barabarani isiyo na kitu juu, mtu anainyanyua baiskeli pamoja na kufuli lake na kuondoka nayo.

Leo hii pia igeuze baiskeli, tazama chini ya pale pedeli zinapoungana na fremu, mara nyingi kuna namba imegongwa. Ipige picha, weka pamoja na risiti. Bila hiyo, polisi utawaambia nini zaidi ya "ni nyeusi, ina kikapu"?

Usiku iingize ndani. Kufuli linamchelewesha mwizi tu, na usiku ana muda wa kutosha.