Ng'ombe 52 wameugua, fidia imekuja ya 40

SWALI: Nasimamia zizi la ng'ombe wa maziwa huku Idaho, Marekani. Tulipata homa ya mafua ya ndege, H5N1, tukawatenga ng'ombe 52. Tisa kati yao tuliwatoa siku 20 kabla ya daktari kuchukua sampuli, tukidhani ni tumbo tu. Watatu walikuwa wamekaushwa, wakisubiri kuzaa. Ofisi ya FSA, idara ya Wizara ya Kilimo inayohudumia wakulima, imelipa ng'ombe 40, tena kwa siku chache kuliko tulizomwaga maziwa. Kuna kosa?

JIBU: Pole sana, ndugu. Kwa maelezo yako sioni kosa la hesabu. 52 ukitoa 9, ukitoa 3, wanabaki 40.

Mpango uliowalipa ni ELAP, msaada wa dharura kwa wafugaji, ambao mwaka 2024 uliongezewa hasara ya maziwa inayotokana na H5N1. Kila kitu humo hupimwa kutokea siku ile sampuli ilipochukuliwa, sampuli ambayo baadaye maabara ya taifa ya mifugo ilithibitisha kuwa na virusi. Ng'ombe anahesabiwa ikiwa aliondolewa kwenye maziwa ya kuuza ndani ya siku 14 kabla ya tarehe hiyo, au hadi siku 120 baada yake. Wale tisa walitoka mapema mno. Waliokaushwa nao hawamo, kwa kuwa kinachofidiwa ni maziwa, na wao hawakuwa wakikamuliwa.

Sasa zile siku. Hata ng'ombe akikaa nje wiki sita, serikali inahesabu siku 21 bila maziwa kabisa, kisha siku 7 za nusu. Jumla ni sawa na siku 24.5 za maziwa, na katika thamani yake unalipwa asilimia 90. Tuseme, kwa mfano tu, ng'ombe anatoa ratili 80 kwa siku na bei ni dola 20 kwa kila ratili 100. Hiyo ni dola 16 kwa siku, dola 392 kwa siku zote, na baada ya kukata asilimia 10 inabaki dola 352.80 kwa kichwa. Bei inayotumika ni ya Wizara ya Kilimo, kwa hiyo usishangae ikitofautiana na stakabadhi za mnunuzi wenu.

Binafsi naona siku 28 ni kipimo cha ubahili. Watafiti waliofuatilia zizi moja la Ohio walikuta ng'ombe aliyeugua akipoteza karibu kilo 900 za maziwa katika siku 60. Lakini kanuni ndiyo hiyo, na karani wa kaunti hana uwezo wa kuinyoosha.

Kitu kimoja kagua leo: daftari la matibabu la wale tisa. Kama yupo aliyeandikwa siku 20 kwa kukisia, na rekodi ya mashine ya kukamulia inaonyesha maziwa yake yaliendelea kuingia tangini hadi siku ya 13 kabla ya sampuli, huyo anastahili. Chapisha rekodi hiyo, uombe uamuzi uangaliwe upya. Una siku 30 tangu upate barua yao. Na wakiugua wengine kabla siku 120 hazijaisha, waandikishe siku hiyo hiyo wanapotolewa, namba ya hereni na tarehe.