Upepo wa tairi za tela: usiupunguze kwa sababu ya jua

Kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa, jua la Dodoma likishaanza kuchoma, nasikia ushauri uleule kila ninaposimama kujaza upepo: "Mama, kwa jua hili nikupunguzie kidogo, tairi isije ikapasuka." Anayesema hivyo ana nia njema. Na mimi niliufuata kwa miaka miwili, mpaka siku uliponikwamisha barabarani kati ya Mbande na Chalinze ya huku Dodoma nikiwa na magunia kumi ya mahindi.

Nina mashine ya kusaga Kizota. Mahindi nayafuata soko la Kibaigwa, kilomita 90 hivi kutoka mjini, kwa pikapu na tela ndogo ya ekseli moja. Siku ile nilisema nijaziwe PSI 35 kote (PSI ni kipimo cha upepo), gari na tela, kwa kuwa 35 ndiyo namba niliyoizoea. Kisha ikapunguzwa kidogo kwa ajili ya jua. Magunia nayo yalikuwa lumbesa, yale yaliyoshonewa kilemba juu.

Saa saba mchana nikasikia mshindo, tela ikavutia kushoto na mkia wa gari ukaanza kuyumba. Nikatoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani kwa mikono miwili, breki sikuigusa mpaka mwendo ulipopungua wenyewe. Mungu alitusaidia, hapakuwa na gari lililokuwa linatupita.

Kijana wangu alipoifungua ile tairi tukaiangalia vizuri. Kashata, yaani ile sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, zilikuwa nzima kabisa. Kilichokatika ni ubavu, mduara mzima, kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Ndani yake kulikuwa na unga mweusi, laini kama masizi, wa kujaza viganja viwili. Tairi ya kulia, ambayo haikupasuka, niliigusa nikaondoa mkono haraka. Fundi aliyekuja kutusaidia alichota ule unga, akausugua kwa vidole, akaniambia: "Huu ni mpira wa tairi yako, mama. Imejisaga yenyewe."

Nilichokuja kukielewa ni hiki. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka haraka, kisha uguse pale kinapokunjika. Kina moto, na ukiendelea kitakatika. Ubavu wa tairi yenye upepo mdogo na mzigo mkubwa unafanya hivyohivyo kila gurudumu linapozunguka. Joto kubwa linalopasua tairi linatoka humo kwenye kukunjika, na jua linaongezea tu. Kwa hiyo ukipunguza upepo ili kukwepa joto, tairi itakunjika zaidi na joto litaongezeka.

Namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni ya tairi ikiwa baridi, yaani kabla hujaondoka nyumbani au baada ya gari kupumzika kwa muda wa saa tatu hivi. Watengenezaji wanajua kwamba upepo utapanda njiani, na tairi imejengwa kuhimili hilo. Mimi nikiondoka na 60 asubuhi, njiani nikapima nikakuta 66 au 68, nafurahi, mambo yako sawa. Nikikuta 75 najua ama mzigo umezidi, ama niliondoka na upepo mdogo, ama nakimbia mno. Hapo napunguza mwendo au napunguza gunia. Upepo wa tairi iliyo moto siutoi hata siku moja, maana ikipoa itakuwa chini kuliko mwanzo.

Sasa, ujaze kiasi gani? Swali hili huwezi kulijibu bila kujua uzito, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tairi za tela yangu ni 185R14C. Ubavuni kuna namba 102/100. Hiyo 102 maana yake tairi moja inabeba kilo 850, lakini inabeba hivyo ikiwa na upepo wote ulioandikwa pembeni yake, ambao kwangu ni PSI 65. Ukiweka 35, hizo kilo 850 zisahau.

Hesabu ya siku ile ilikuwa hivi. Lumbesa kumi, tuseme kilo 120 kila moja, ni kilo 1,200. Tela yenyewe ina kilo 350. Jumla 1,550. Kama umepanga mzigo vizuri, sehemu moja ya kumi hivi inalalia gari pale linapofungwa tela, kwa hiyo magurudumu mawili yanabaki na kilo kama 1,395, karibu 700 kila moja. Gawanya 700 kwa 850, zidisha mara 65, unapata 53 na kitu. Mimi nilikuwa na chini ya 35! Siku hizi mzigo kama ule naujazia 60, kwa sababu magunia hayalali sawa pande zote mbili na barabara yenyewe ina mashimo. Zaidi ya namba ya ubavuni sijazi. Na tairi kuweza kubeba haina maana kwamba ekseli na springi za tela nazo zinaweza, wala kwamba gari lako linaruhusiwa kuvuta uzito huo.

Lumbesa ndiyo adui wa hesabu hii. Unahesabu magunia kumi ukidhani umebeba tani moja, kumbe umebeba tani moja na ziada ya magunia mawili. Pima hata gunia moja kwenye mizani ya pale sokoni kabla ya kupakia.

Tairi za nyuma za pikapu nazo zina namba yake, kwa sababu tela inazilalia. Fungua mlango wa dereva uangalie stika kwenye nguzo. Mara nyingi utakuta namba ya gari tupu na namba ya gari lenye mzigo. Fuata ile ya mzigo. Kama imeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, 100 ni sawa na PSI 14.5, kwa hiyo 240 ni kama 35.

Lakini msinielewe vibaya mkaenda kujaza 65 kila siku. Mwezi wa pili mmoja dada yangu aliniomba nimletee zabibu kutoka Hombolo, kreti chache tu, mzigo mwepesi kabisa. Tairi nikaziacha na upepo wa mahindi. Tela iliruka kwenye kila tuta kama mbuzi, na tulipofika kreti za chini zilikuwa zinachuruzika maji ya zabibu kwenye ubao. Iliniuma sana, maana zabibu ikipasuka hakuna mnunuzi. Kwa mzigo mwepesi nashuka mpaka 40, tela tupu 35. Ukitaka uhakika, chora mstari wa chaki kukatisha kashata, endesha mita mia kadhaa kwenye lami iliyonyooka, kisha uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni ikabaki katikati, ongeza.

Nunua geji yako mwenyewe. Geji za vibandani zinaanguka chini mara ishirini kwa siku, na nimewahi kupima tairi moja sehemu mbili mtaa mmoja nikapata tofauti ya PSI 8. Pima alfajiri kabla ya kuondoka, na spea ya tela uipime pia. Yangu siku ile ilikuwa na upepo wa kuchezea watoto, tukakaa saa mbili juani. Angalia na umri: namba nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za tela zinazeeka zikiwa zimesimama, na ubavu ukishapasukapasuka kwa jua hakuna upepo utakaouokoa.

Kwenye bamba la juu ya gurudumu la tela nimeandika kwa rangi nyeupe: tupu 35, gunia nane 50, gunia kumi 60. Kijana ninayejaza kwake Kizota haniulizi tena habari ya jua. Anasoma, anahesabu magunia, ananiomba geji yangu.