Laini ya simu ya bibi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Mzee akinyanyaswa na watu wa nyumbani kwake, nani aingilie?" Wengine wamejibu polisi, wengine ukoo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku mkoani Shinyanga (kijijini wananiita dokta, nimechoka kukataa), na kwa niliyoyaona, akiingilia mmoja peke yake anaambulia kulaumiwa tu.

Kuna bibi mmoja, mjane, ana miaka sabini na ushee. Macho yake mekundu kwa moshi. Tangu aolewe anapikia kuni, zikiadimika anapikia mabua na samadi kavu. Usukumani macho hayo yamewaponza vikongwe wengi, maana huambiwa ni ya mchawi. Siku moja nilimkuta amekonda, mkono umevilia damu. "Nilianguka, mwanangu." Nikaandika kwenye daftari: ameanguka.

Kumbe nesi wa zahanati alikuwa anajua kuwa bibi hajafuata dawa za presha miezi mitatu. Mtendaji wa kijiji alikuwa na barua ya mjukuu anayetaka shamba la bibi ligawiwe, mwenyewe yu hai. Wakala wa pesa pale senta alijua kuwa fedha za bibi za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zinatolewa na mjukuu huyohuyo: laini anayo yeye, namba ya siri anayo yeye. Kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, naye alishasikia kilabuni kwamba mganga fulani amemtaja bibi kwa jina kuwa mchawi. Kila mtu alikaa na lake, mpaka ikaokotwa karatasi mlangoni kwa bibi: hama, au utaona.

Tuliipeleka kituo kimoja cha polisi. Askari wa zamu akasema bado hakuna kosa, turudi likitokea. Likitokea lipi, baba? Kutishia kuua ni kosa, na hata kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa enzi za Mwingereza mwaka 1928 na ipo mpaka leo.

Mtendaji ndiye aliyetukusanya ofisini kwake, na safari hii alimwita polisi kata pamoja na afisa ustawi wa jamii, aliyefika kwa bodaboda amejaa vumbi. Baraza la wazee nalo lilikuwepo, haya mabaraza yanayotajwa kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 lakini mara nyingi hukumbukwa siku ya mgeni rasmi. Daftari langu lilisomwa, barua ya shamba ikasomwa, wakala akaeleza yake. Niliona aibu kusikia neno langu "ameanguka" likisomwa katikati ya yale mengine.

Laini ilirudi kwa bibi siku hiyohiyo, namba ya siri ikabadilishwa. Polisi kata akamfuata mganga kuhusu ramli chonganishi. Sungusungu wakaanza kupita usiku. Mimi nilijenga jiko banifu la udongo, moshi utoke nje. Macho hayajawa meupe, ila kikohozi kimepungua.

Palipotushinda ni kwa mjukuu. Afisa ustawi alitaka ashtakiwe, na sheria iko upande wake. Bibi akakataa katakata: "Mkimfunga, nani atanichotea maji?" Tulibishana hadi jioni. Mwishowe mjukuu alibaki pale nyumbani, akaonywa mbele ya ukoo, na ikapangwa kila Alhamisi mmoja wetu apite bila taarifa, aongee na bibi peke yake. Mtendaji mpaka leo anasema tulikosea. Mimi sina uhakika kwamba hatukukosea, lakini kumlinda mzee kwa kumfanya asiwe na kauli nyumbani kwake nako ni kumnyanyasa.

Alhamisi iliyopita nilimkuta mjukuu uani anapasua kuni. Akanisalimia vizuri. Bibi akaniita ndani, akasukuma mlango, akafungua fundo la kanga na kutoa simu. "Nisomee salio," akaninong'oneza. "Polepole."