Simone Young alianzia kwenye piano ya mazoezi

Umeuliza kama ni lazima mwanamke anayeongoza okestra ashinde kwanza shindano kubwa ndipo akabidhiwe jumba la opera. Si lazima. Simone Young, aliyezaliwa Sydney mwaka 1961, alipanda kwa njia ya zamani zaidi: aliwapigia waimbaji piano wakati wa mazoezi, kazi ambayo hadhira haiioni, lakini inayomfundisha mtu mahali mwimbaji anapovuta pumzi na namna ya kuokoa onyesho pale jukwaa na okestra vinapoanza kupishana. Baadaye alikwenda Ujerumani akawa msaidizi wa waongozaji wa okestra James Conlon, kisha Daniel Barenboim, na mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza okestra katika Opera ya Taifa ya Vienna.

Hayo ya “mwanamke wa kwanza” hupendwa sana na magazeti. Mimi naona kipimo kizito zaidi ni jiji la Hamburg, Ujerumani, ambako kuanzia 2005 hadi 2015 alisimamia jumba zima la opera na papo hapo akawa mkurugenzi wa muziki wa okestra ya jiji. Kabla ya hapo, Opera Australia, kampuni ya opera ya nchini kwao alikokuwa mkurugenzi wa muziki, haikuendeleza mkataba wake baada ya 2003, kwa hoja kwamba mipango yake ingegharimu mno. Tangu 2022 ni mwongozaji mkuu wa okestra ya Sydney Symphony, na mwaka 2024 aliongoza opera nne za mfululizo wa Ring wa mtunzi Mjerumani Wagner kwenye tamasha la Bayreuth, Ujerumani, linalohusu kazi zake.