Unga mweupe kwenye jeraha la mparachichi

SWALI: Shikamooni wataalamu. Kibarua aligonga shina la mparachichi wangu (Hass) kwa fyekeo, gome likabanduka upana wa kiganja. Siku chache baadaye pembeni ya jeraha pametokea unga mweupe. Jirani anasema ni kalsiamu ya mti inavuja, nipake chokaa au majivu ili kuirudisha. Ni kweli?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Usipake. Unga huo ni sukari. Mparachichi una sukari yake iitwayo perseitoli. Gome likijeruhiwa huvuja pamoja na maji ya mti, na maji yakikauka hubaki weupe. Kwangua kidogo uweke kwenye kijiko cha maji: sukari itayeyuka, chokaa ingetuama chini.

Kalsiamu haivuji namna hiyo. Imejaa kwenye gome, lakini sehemu kubwa imeshikwa kama fuwele za oksaleti, yaani chembe ngumu ambazo haziyeyuki kwa maji. Potasiamu na fosforasi ndizo zinazosafiri: ziko zaidi kwenye gome la ndani lililo hai, na kidonda kikianza kuotesha seli mpya, mti huzipeleka huko. Gome la nje linapokaribia kufa, mti huvuta nyingi ya hizo. Kalsiamu huachwa palepale. Kwa hiyo kuta za seli mpya haziwezi kutegemea kalsiamu ya gome la jirani. Lazima ipande nyingine kutoka ncha za mizizi, pamoja na maji. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanahangaika na kidonda huku maji yametuama shinani na ncha za mizizi zinaoza.

Chokaa na majivu vikiloa huunguza seli changa za ukingoni, nazo ndizo zinazofunga kidonda.

Safisha kisu kwa jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kisha kisuuze. Ondoa gome lililokufa au kulegea tu, uishie pale lilipo na rangi ya krimu au kijani na limeshika vizuri. Sehemu ya mti iliyo wazi usiikwangue kabisa. Ikiwa bado mbichi, ule utelezi wake una seli zinazoweza kuotesha gome jipya. Siku nyingine gome likibanduka, lirudishe saa hiyohiyo, ulifunge kwa ukanda wa nailoni wa kubebeshea miche, na uufungue baada ya wiki 3 hadi 4.

Ukingo wa kidonda utakuwa kahawia kwanza. Hiyo ni kawaida: chini yake seli zinajipaka lignini na suberini, kinga ya kuzuia maji na kuvu. Baadaye mdomo laini huvimba kutoka pembeni kuelekea katikati. Baridi ya Juni hadi Agosti huuchelewesha, usiogope.

Cha kuogopa ni unga unaoendelea kutoka huku doa likitanuka. Kwangua gome juu juu kando ya doa. Ndani pakiwa kahawia-nyekundu badala ya krimu, ni kidonda cha ugonjwa, mara nyingi Phytophthora, kimelea kinachofanana na kuvu na kinachopenda udongo uliotuama maji. Chimba mtaro wa kuondoa maji, kisha mwonyeshe afisa ugani kabla ya kununua dawa yoyote.

Chokaa ya kilimo ina kazi yake, ila ni ya udongo. Mvua nyingi za huko kwenu Rungwe huosha kalsiamu na kuacha udongo wenye tindikali. Pima udongo kwanza ujue kiasi, uinyunyize chini ya kivuli cha matawi, mbali na shina.